NABII ADAM (AS), MIFUPA YA TURKANA NA MWALIMU ALIYEONDOKA

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW) aliyetufikisha tena katika mwezi wa Ramadhani, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na swahaba zake.

Mwezi huu tunakumbushana sana mambo ya swaumu, tarawehe na zaka, na ni vizuri. Lakini tusisahau kwamba ni mwezi huu huu ambapo wahyi ulianza kushuka, na amri ya kwanza kabisa ilikuwa ni kusoma. Kwa hivyo leo nataka tuzungumze kuhusu somo moja ambalo limewatia vijana wetu wengi hofu darasani. Ni ile habari ya Darwin, nyani na asili ya mwanadamu. Soma kwa utulivu mpaka mwisho, halafu ndio uamue kama nimekosea.

KISA CHA KARATASI TUPU

Mimi ni mzaliwa wa Diff, kule Wajir Kusini, mpakani kabisa na Somalia. Kama watoto wote wa kwetu, nilishika loho kabla ya kushika kalamu ya risasi. Nilipoingia darasa la kwanza nilikuwa nimeshahifadhi juzuu kadhaa duksi. Sisi kwetu duksi ndiyo ya kwanza, shule inafuata.

Mwaka 2019 nikaingia kidato cha kwanza katika shule moja ya bweni mbali na nyumbani. Mwalimu wetu wa Historia, ambaye pia alitufundisha Kiswahili, alitoka bara. Siku moja akafungua mlango wa pili wa kitabu: Binadamu wa Kale. Kitabu kilitaja maelezo matatu kuhusu asili ya mwanadamu. La kwanza ni uumbaji, kama unavyosimuliwa na dini. La pili ni visa vya jadi vya makabila. La tatu ni nadharia ya mageuko. Hilo la tatu ndilo lililochukua kurasa nyingi, na lilikuwa na ile picha unayoijua: kiumbe aliyeinama, anafuatwa na mwingine aliyeinuka kidogo, mpaka mtu kamili anayetembea wima.

Wallahi darasa lilichafuka. Mmoja akasema astaghfirullah kwa sauti. Mwingine akafunga kitabu. Jirani yangu wa dawati, binamu yangu upande wa mama, akachukua kalamu akaipaka ile picha wino mweusi mpaka karatasi ikatoboka.

Mtihani wa mwisho wa muhula ukaja. Swali likatutaka tueleze nadharia ya mageuko. Unajua tulifanya nini? Karibu nusu ya darasa tuliacha karatasi tupu. Tulidhani kuandika tu maneno yale ni kufuru. Na mimi nilikuwa mmoja wao.

Mwalimu hakutupiga wala hakutukejeli. Alikuja na karatasi zetu mkononi akakaa juu ya meza, akasema: "Vijana, mimi ni mzee wa kanisa. Mimi pia naamini Mungu alimuumba Adamu. Lakini swali halikuuliza mnaamini nini. Liliuliza nadharia hii inasema nini. Hayo ni maswali mawili." Kisha akatugawia karatasi akaendelea na somo.

Likizo ilipofika nikampelekea kitabu maalim wangu wa duksi, nikitarajia atakichoma. Akaniambia, "Adeer, nisomee, na unitafsirie kwa Kisomali." Nikasoma kurasa zote. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza maswali matatu ambayo sikuweza kuyajibu, kwa sababu somo lenyewe sikulielewa. Akacheka. "Umekataa kitu usichokijua," akasema. "Nenda ukakijue kwanza, ndipo ukikataa utajua unakataa nini."

Ndugu msomaji, watu wawili, mzee wa kanisa na maalim wa duksi, waliniambia neno moja. Nilipofika chuo kikuu nikaanza kuchimba historia ya ugomvi huu, na nikakuta wapo wengi waliopita njia hii kabla yetu, wengine wakafaulu na wengine wakaaibika.

MIFUPA YA NARIOKOTOME

Tuanzie hapa Kenya. Agosti 1984, kando ya mto mkavu wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, Mkenya mmoja kwa jina Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha mfupa wa paji la uso kati ya changarawe nyeusi. Kimeu hakuwa na shahada ya chuo wakati ule, lakini jicho lake lilikuwa maarufu duniani. Alikuwa katika kikosi cha Richard Leakey na Alan Walker. Walipochimba wakapata karibu mifupa yote ya mwili wa kijana mmoja aliyekufa akiwa bado anakua. Alikuwa na urefu wa karibu mita 1 na sentimita 60, na wataalamu wanakadiria kwamba aliishi kiasi cha miaka milioni 1.5 iliyopita. Wakamwita Mvulana wa Turkana. Mpaka leo ni mojawapo ya mifupa iliyokamilika zaidi ya zama hizo kuwahi kupatikana.

Sasa sikiliza. Mwaka 2006 Jumba la Makumbusho la Taifa kule Nairobi lilikuwa limefungwa kwa ukarabati mkubwa, na mpango ulikuwa kuionyesha mifupa hiyo kwa fahari likifunguliwa. Hapo viongozi wa makanisa ya kiinjilisti, wakiongozwa na Askofu Boniface Adoyo, wakaanzisha upinzani. Walitaka mifupa iwekwe chumba cha pembeni, au ikionyeshwa iandikiwe maelezo kwamba mageuko ni nadharia tu, mojawapo kati ya nyingi. Richard Leakey akawajibu kwa ukali. Habari ikazunguka dunia nzima.

Mwisho wake ukawa nini? Jumba lilifunguliwa tena 2008 na mifupa ikabaki. Kila mwaka mabasi ya shule hupeleka watoto kuiona. Upinzani haukumfanya mtoto yeyote aelewe zaidi, si dini wala sayansi.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Louis Leakey, baba yake Richard, ambaye yeye na mkewe Mary waliipa Afrika Mashariki jina kubwa kwa uchimbaji wao kule Olduvai, alizaliwa Kabete mwaka 1903 katika nyumba ya wamisionari wa Kianglikana. Ujanani alikuwa na nia ya kuwa mmisionari kama wazazi wake. Kwa hiyo usidhani kwamba mstari unaogawanya dini na sayansi umepita katikati ya makabila au mataifa. Mara nyingi umepita katikati ya nyumba moja.

WALIOTUTANGULIA KWENYE UGOMVI

Charles Darwin alichapisha kitabu chake cha asili ya viumbe mwaka 1859 kule Uingereza, na mwaka 1871 akaandika kingine kuhusu mwanadamu. Kwa ufupi, alisema viumbe hubadilika kizazi baada ya kizazi, na wale wanaoyamudu mazingira yao ndio wanaobaki na kuzaa zaidi. Na hapa tusahihishe kosa ambalo hata mimi nililibeba miaka mingi. Nadharia haisemi kwamba mtu ametokana na nyani huyu unayemwona leo. Inasema mtu na sokwe wana asili moja ya kale sana, kisha kila mmoja akaenda njia yake. Ukimwuliza mwalimu "mbona nyani wa leo hawageuki watu?" umeshaonyesha kwamba hukusoma.

Kosa la pili ni neno lenyewe nadharia. Sisi mtaani tukisema "hiyo ni nadharia tu" tunamaanisha kubahatisha. Kwa wanasayansi nadharia ni maelezo makubwa yaliyojengwa juu ya ushahidi mwingi uliopimwa. Ukweli ni kwamba wanabayolojia karibu wote duniani wanaikubali nadharia hii. Wanabishana kuhusu namna na nyakati. Unaweza kuwa na imani yako, lakini usiseme uongo kwamba sayansi imeshaitupa. Sisi tumekatazwa uongo hata katika kuitetea dini.

Wamarekani waligombana sana kwa jambo hili. Mwaka 1925 jimbo la Tennessee lilipitisha sheria ya kukataza kufundisha katika shule za umma kwamba mwanadamu ametokana na viumbe wa chini. Mwaka huo huo mwalimu kijana, John Scopes, akashtakiwa katika mji mdogo wa Dayton na kutozwa faini ya dola 100. Hukumu ilifutwa baadaye kwa kasoro ya kisheria, lakini ile sheria ilidumu hadi 1967. Mwaka uliofuata, 1968, Mahakama ya Juu ya Marekani ikatangaza kwamba sheria za aina hiyo ni kinyume cha katiba yao. Hata mwaka 2005, kule Dover jimbo la Pennsylvania, wazazi walikuwa bado mahakamani wakibishana ni nini kisomwe katika darasa la Bayolojia. Ni karibu miaka themanini ya mvutano, na darasa likageuzwa uwanja wa mawakili.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha Beirut. Wamisionari wa Kimarekani walikuwa na chuo pale, ambacho leo ndicho Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut. Mwaka 1882 profesa mmoja, Edwin Lewis, alitoa hotuba ya mahafali akamtaja Darwin kwa heshima. Wakuu wa chuo wakakasirika, akalazimika kujiuzulu. Wanafunzi wa udaktari, vijana wa Kiarabu, wakagoma. Baadhi wakafukuzwa. Mmoja wao, Jurji Zaydan, akahamia Misri na baadaye akawa mwandishi mkubwa wa historia kwa Kiarabu. Umeona ajabu hiyo? Tunazoea kusema Darwin aliletwa na wamisionari ili kuharibu dini za watu. Kumbe pale Beirut wamisionari ndio waliomfukuza mwalimu kwa ajili ya Darwin.

WANAZUONI WETU WALISEMA NINI

Sasa utaniuliza, na Waislamu je?

Huko nyuma sana, katika karne ya tatu ya Hijria, kule Basra aliishi al-Jahiz, aliyefariki karibu mwaka 868 Miladia. Aliandika kitabu kikubwa kuhusu wanyama, akaeleza jinsi wanavyowindana na jinsi mazingira yanavyowaathiri. Mwaka 1377 Ibn Khaldun, katika utangulizi mashuhuri wa historia yake, alieleza viumbe kama ngazi: madini, mimea, wanyama, na mwanadamu juu, akiwataja nyani kuwa karibu na daraja la mtu. Siku hizi utasikia watu wakisema "Waislamu waligundua mageuko miaka elfu kabla ya Darwin." Tusitie chumvi. Hawakusema alichosema Darwin. Lakini tuchukue fundisho lililo wazi: wao walimtazama mnyama, mmea na mwanadamu kwa macho mawili, wakauliza na wakaandika, na hawakuona kwamba kuuliza ni kutoka katika dini.

Darwin alipofika katika nchi za Kiislamu, majibu yalitofautiana. Jamal al-Din al-Afghani, akiwa India mwaka 1881, aliandika kwa Kiajemi kitabu cha kuwapinga wale wasioamini ila maumbile, na humo akamkejeli Darwin. Baadaye Muhammad Abduh alikitafsiri kwa Kiarabu. Lakini sheikh mwingine, Husayn al-Jisr wa Tripoli ya Lebanon, alichukua njia ya pili. Mwaka 1888 alitoa risala aliyoinasibisha na Sultani Abdulhamid. Alisoma hoja za wapinzani moja baada ya nyingine. Msimamo wake, kwa maneno yangu, ulikuwa hivi: sisi tunashika dhahiri ya aya maadamu hakuna dalili ya mkato; ikija dalili ya mkato, aya zina nafasi ya kufahamika pamoja nayo, na katika hali zote mbili Muumba ni Allah. Huyu alikuwa sheikh wa kilemba, aliyesomesha wanafunzi, mmoja wao ni Rashid Rida.

Mpaka leo wanazuoni wetu wamegawanyika. Wapo wanaoikataa nadharia yote. Wapo wanaokubali kwamba mimea na wanyama hubadilika, ila Nabii Adam (AS) ni umbo la pekee, hakuwa na baba wala mama. Na wapo wachache wanaosema yote yanaweza kuwa njia ya Allah ya kuumba, na aya zifasiriwe hivyo. Nchi nazo zimetofautiana. Uturuki mwaka 2017 ilitangaza kuliondoa somo la mageuko katika Bayolojia ya sekondari na kuliachia vyuo vikuu.

Mimi mwandishi wako ni mwanafunzi tu, si mufti. Nimelelewa juu ya imani kwamba Allah alimuumba Nabii Adam (AS) kwa udongo na kumfundisha majina ya vitu, na ndiyo imani ninayolala na kuamka nayo. Wakati huo huo nimesimama mbele ya mifupa ya Nariokotome, na mifupa ipo. Huwezi kuiambia isiwepo. Yapo maswali ambayo sijapata jibu lake, na nimejifunza kwamba swali lisilo na jibu haliondoi imani. Kinachoondoa imani ni kumwambia kijana kwamba jibu lipo, na kumpa jibu la uongo.

NGAO YA KARATASI

Hapa inabidi niseme jambo litakalowaudhi baadhi ya ndugu zangu. Miaka ya 2000 misikiti na jumuiya nyingi za vijana zilijaa vitabu na kanda za mwandishi mmoja wa Kituruki, Harun Yahya, ambaye jina lake halisi ni Adnan Oktar. Vilikuwa na picha za kupendeza na karatasi ya kung'aa, vingine vikigawiwa bure. Kaka zetu walivisoma, wakasimama mbele ya walimu wao wa Bayolojia na kudhani wameshinda.

Lile kubwa kuliko vyote, kitabu cha picha cha uumbaji kilichotumwa mashuleni katika nchi nyingi kuanzia 2006 na 2007, lilidai viumbe vya leo ni vile vile vya mamilioni ya miaka. Wataalamu walipolikagua wakakuta baadhi ya picha za "wadudu" zilikuwa ni chambo za kuvulia samaki, ndoana ikionekana wazi! Na huyo mwandishi mwenyewe, Januari 2021 mahakama ya Istanbul ilimhukumu kifungo cha zaidi ya miaka 1,000 kwa makosa ya jinai, yakiwemo ya dhuluma za kijinsia.

Sisemi haya kumsengenya mtu ndani ya Ramadhani. Ni mambo ya mahakamani yaliyotangazwa hadharani. Nasema kwa sababu kijana anayejenga imani yake juu ya ngao ya karatasi, ikinyeshewa tu anabaki uchi. Nimekutana chuoni na wenzangu waliolelewa na vitabu hivi. Walipogundua kosa moja wakadhani dini yote ni kosa. Wale waliofundishwa na wazee wao kwamba Allah ni Muumba, na kwamba namna ya kuumba ni elimu yake anayotupa kidogo kidogo, hao sikuwaona wakitikisika.

NA SISI KASKAZINI MASHARIKI

Turudi nyumbani, maana hapa ndipo penye uchungu.

Watu wa kwetu wana sababu ya kuiogopa shule ya serikali. Tangu ukoloni, eneo letu lililoitwa NFD lilifungwa. Sheria za 1902 na 1934 ziliweka vizuizi vya kuingia na kutoka. Shule zilizojengwa kwingine nchini nyingi zilikuwa za misheni, na mzazi Mwislamu aliona kumpeleka mtoto huko ni kumpoteza. Baada ya uhuru ikaja hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963, ambayo haikuondolewa mpaka 1991. Kwa hivyo wakati wengine wanahesabu vizazi vitatu vya walimu na madaktari, sisi tunahesabu kimoja.

Wapo wazee wa Kiislamu waliotuonya mapema. Kule Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891 na baadaye kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932. Aliwahimiza Waislamu waitafute elimu ya dunia bila kuiacha ya dini, na akawalaumu kwa kubaki nyuma. Yeye hakuogopa kwamba kusoma kutamharibu Mwislamu. Aliogopa ujinga.

Na sasa tazama yaliyotupata. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilitekwa na watu 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakienda likizo. Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa kilishambuliwa, wakafa watu 148. Februari 2018 walimu wakauawa Qarsa, Wajir. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, Garissa. Baada ya hapo Tume ya Kuajiri Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Sitoi lawama. Damu ya mwalimu si ya kuchezewa, na mimi ningekuwa mzazi wake ningemwita arudi nyumbani.

Mwalimu wetu wa Historia aliondoka pamoja na wa Bayolojia na wa Kemia. Alifunga sanduku asubuhi moja. Tulimsindikiza mpaka langoni, Waislamu watupu, na binamu yangu aliyeipaka picha wino ndiye aliyembebea sanduku. Hakuna aliyezungumza habari za nyani siku ile. Baada yake, darasa la kidato cha pili likakaa wiki baada ya wiki na ratiba ukutani: Bayolojia, saa nne. Saa nne inafika, tunakaa, hakuna anayeingia. Kisha Machi Korona ikafunga shule zote nchini.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Tulikuwa tunagombana kuhusu ukurasa mmoja wa kitabu, tukijiona tunailinda dini. Kumbe waliokuwa wakiitafuna elimu yetu walikuwa wengine kabisa, na walifanya hivyo kwa jina la dini hiyo hiyo. Binamu yangu alikuwa na ndoto ya kuwa daktari. Ana akili kunishinda. Bayolojia ikamshinda, kwa kukosa tu mtu wa kumweleza. Leo ana duka dogo la bidhaa, alhamdulillah, riziki ni ya Allah. Lakini Diff imekosa daktari.

Na tusimsahau mwalimu Salah Farah. Desemba 2015 basi lingine liliposhambuliwa karibu na Mandera, Waislamu walikataa kutenganishwa na abiria wenzao Wakristo. Salah Farah, naibu mwalimu mkuu na Mwislamu, alipigwa risasi siku ile na akafariki Januari 2016. Huyo ndiye mwalimu wetu. Allah amrehemu.

NASAHA KWA VIJANA NA WAZAZI

Nimalizie kwa machache.

Kwanza, kwako mwanafunzi. Jibu swali ulilouliziwa. Katika mtaala wa 8-4-4 somo hili lilikuwa katika Historia ya kidato cha kwanza na tena Bayolojia ya kidato cha nne. Katika mtaala mpya mtoto anakutana na asili ya mwanadamu mapema zaidi, kwenye Masomo ya Jamii. Kuandika "nadharia inasema hivi" si shahada ya imani. Qur'ani yenyewe imetusimulia hoja za Firauni na Namrud, na hakuna anayesema msomaji wake amekuwa Firauni.

Pili, kwako mzazi. Mtoto akija na swali, usimzabe kofi, usimwambie "nyamaza, utakufuru". Mketishe. Kama hujui, sema sijui, mwende pamoja kwa maalim, na mwende pamoja kwa mwalimu. Katiba ya 2010, ibara ya 32, inamlinda mtoto wako na imani yake; hakuna atakayemlazimisha kuamini. Lakini hakuna pia atakayemfundisha ukimtoa darasani.

Tatu, kwa maalim zetu wa duksi. Nyinyi ndio mnaosikilizwa kwanza. Maalim wangu alinitaka nimsomee kitabu. Laiti kila maalim angefanya hivyo mara moja tu.

Nne, kwa wote. Tuwalinde walimu, wenyeji na wageni. Na tusomee ualimu wenyewe. Miaka ya kumtegemea mtu atoke mbali aje kutufundisha sisi kila kitu imepita.

Mimi nilifanya KCSE mwaka 2022. Nilifaulu kwa kudra ya Allah, na kwa madaftari ya waliotutangulia niliyoyanakili usiku kwa taa ya sola. Sasa nasomea ualimu, Bayolojia na Kemia. Nikijaaliwa, Insha'Allah, nitarudi Wajir Kusini. Siku itafika nitafungua mlango ule wa mageuko mbele ya watoto wa duksi kama nilivyokuwa mimi. Nitawafundisha nadharia kama ilivyo, bila kuipunguza wala kuiongeza. Yupo atakayefunga kitabu, najua. Nitakaa juu ya meza, kama alivyokaa yule mzee wa kanisa, na nitamwambia: swali halikuuliza unaamini nini.

Na mwalimu wangu, popote ulipo, kama gazeti hili litakufikia: ile karatasi tupu ya muhula wa kwanza nimeshaijaza.

Allah (SW) atuzidishie elimu yenye manufaa, azikubali swaumu zetu, na awarehemu walimu wetu wote waliotangulia. Wabillahi tawfiq. Ramadhan Kareem.